Mapito Rasmi ya Unyanjughu

Mwezi wa nane, mbele ya bendera, viti vya plastiki na spika mbili zilizokuwa zikikoroma, halmashauri ilitangaza rasmi kwamba wananchi wa kijiji cha Unyanjughu wataanza kutembea kwa miguu.

Kabla ya hapo walikuwa wakienda tu. Mtu alitoka kwake, akafika alikokuwa anakwenda, bila mpango mkakati, bila viashiria, bila hata kujaza fomu. Gerald, Kaimu Afisa Mapito wa halmashauri, aliyaeleza hayo kwa huzuni ya mtu aliyekuta watoto wakicheza kando ya kisima.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmetembea kienyeji kwa muda mrefu. Sasa basi."

Mradi ulikuwa na jina refu lililoandikwa ubavuni mwa gari kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma: Mradi wa Kuboresha Mapito ya Watembea kwa Miguu, Waendesha Baiskeli na Ufikaji wa Mashambani. Mzee Yeremia, mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo, alilifuata lote kwa kidole, akasimama kwenye maneno ya mwisho.

"Mwanangu, huku kufika mashambani ni kufanyaje?"

"Shikamoo mzee. Ni kumwezesha mwananchi afike mashambani."

"Marahaba. Sisi tunakaa mashambani."

"Ndiyo maana mmechaguliwa," alisema Gerald, na akaandika kwenye daftari kuwa uelewa wa wananchi bado uko chini.

Asidhaniwe kuwa Gerald alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Shida yake ilikuwa neno moja tu, nalo ni Kaimu. Kaimu ni mtu anayekalia kiti kwa tako moja, na Gerald alikuwa amekikalia hivyo kwa miaka mitatu. Alishahudhuria semina Singida Mjini, katika hoteli yenye dirisha linalotazama ziwa Singidani, akafundishwa kwa siku tano kwamba mtu anayetembea si mtu anayetembea bali ni mdau wa mwendo. Mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Gasto, alimwahidi mbele ya mashahidi: siku mradi utakapozinduliwa, hilo neno Kaimu litatoka.

Sasa ili mambo yaeleweke, ni lazima kuieleza mbuga. Watu wa huku wakisema mbuga hawana maana ya twiga na watalii. Ni bonde la udongo mweusi, tambarare, na la Unyanjughu limelala katikati ya kijiji. Upande mmoja ipo barabara ya kwenda Issuna, pamoja na zahanati, shule na mashine ya kukamua alizeti. Upande wa pili kipo kitongoji cha Ng'ambo. Wakati wa kiangazi mbuga hukauka ikawa ngumu kuliko sakafu ya kanisa, na kila mtu huikata katikati, baiskeli kwa mbuzi. Mvua zikianza huwa uji mzito unaomeza gumboti na haurudishi. Hapo watu huzunguka kwa juu, njia ya Mwambani, inayopanda kwenye majabali na kupenya kati ya mawe mawili makubwa, upana wa baiskeli moja yenye tenga la kuku.

Jambo hili kila mtu alilijua, na kwa sababu kila mtu alilijua, hapakuwa na mtu wa kulisema.

Mpima wa mradi, kijana aitwaye Clement, alikaa siku nne chini ya mwavuli mwezi huohuo wa nane akihesabu wapitaji. Mbugani walipita mia sita na kumi na wawili. Ni kweli kwamba mia nne kati yao walikuwa ng'ombe, lakini fomu ilidai watembea kwa miguu na haikutaja miguu mingapi. Mwambani hakupita mtu. Alipita fisi mmoja, ambaye hakuandikwa kwa kuwa alipita nje ya saa za kazi.

"Takwimu hazina mjomba," Gerald aliwaambia wananchi katika mkutano wa ushirikishwaji, yaani mkutano ambao wananchi hushirikishwa yaliyokwisha kuamuliwa. "Pito la mbugani linapendwa. Tutalinyoosha, tutaliwekea nguzo, litakuwa ndilo pito rasmi. Pito la Mwambani halina mteja. Litafungwa, kwa usalama wenu."

Akasimama mwanamke mmoja mwembamba, khanga mbili, mikono imekaza kwa jembe. Huyu ndiye Stumai. Hakuwa na cheo chochote, isipokuwa alikuwa mama mkwe wa Pendo, na Pendo alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Naomba kuuliza. Mkwe wangu atajifungua mwezi wa pili. Mara ya kwanza alijifungulia nyumbani, damu ikamtoka mpaka tukakata tamaa, na mtoto hatukumpata. Nesi ametuambia huyu asijaribu tena kuzalia nyumbani, afike zahanati mapema. Mwezi wa pili mbuga imejaa. Atapita wapi?"

Gerald alimwonea huruma kweli, maana alikuwa na mama yeye pia. Akafungua daftari.

"Shikamoo mama. Hoja yako ni nzuri sana. Lakini leo ajenda ni kunyoosha. Hoja ya maji inahusu idara ya maji."

Akaandika: hoja nje ya ajenda, imepokelewa.

Kazi ilikwenda kwa kasi. Nguzo nyeupe mia mbili zilisimama mbugani kwa mstari mmoja usiopinda hata unywele. Chokaa ikamwagwa katikati kutenganisha waendesha baiskeli, kushoto, na watembea kwa miguu, kulia. Mbuzi waliilamba kabla haijakauka, lakini ilikuwa imeshapigwa picha. Katikati ya mbuga liliwekwa benchi la kupumzikia, jua kali, hakuna hata kichaka, na mbele yake bango lenye mshale: MANDHARI. Mtu akifuata mshale aliiona mbuga.

Kisha wakapanda Mwambani. Kwenye upenyo wa yale mawe mawili pakajengwa ukuta wa mawe na saruji, urefu wa mtu mzima, ukaandikwa kwa rangi nyekundu: PITO LIMEFUNGWA ILI KUBORESHA MAPITO. Chini yake: MALI YA UMMA. Uzinduzi ulipangwa mwezi wa kumi. Lakini mgeni rasmi alikuwa na uzinduzi mwingine, na mwezi uliofuata mwingine tena, na Waswahili husema subira yavuta heri. Safari hii ilivuta mvua.

Mvua ilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja na haikuomba ruhusa. Wiki tatu baadaye benchi la kupumzikia lilibaki mgongo tu juu ya maji. Gerald alikwenda kukagua. Alisimama barabarani, akatazama nguzo zake mia mbili zikiwa zimesimama majini mpaka kiunoni, akaandika kwenye ripoti kuwa nguzo zote zimenyooka vizuri.

Watu wa Ng'ambo waliendelea kuishi, kama walivyozoea kufanya miradi inapowafikia. Waliupanda ukuta kwa mikono na magoti. Baiskeli ilivushwa juu kwa juu, wawili huku wawili kule, kuku walirushwa, gunia la alizeti lilipita kwa debe. Kuubomoa hakuna aliyethubutu, kwa kuwa mwaka juzi mtu mmoja aling'oa msumari kwenye ofisi ya kata na bado anaitwa kituoni kutoa maelezo. Pendo alivushwa mara mbili kwenda kliniki, wanawake wawili wakimsukuma kwa chini na mmoja akimvuta kwa juu, tumbo likisugua maandishi mekundu. Mara ya pili alitua vibaya, akakaa chini akalia. Stumai hakumbembeleza. Alikwenda nyumbani akaomba karatasi kwa mjukuu wa jirani, akaandika barua.

Barua ya kwanza iliomba ukuta uondolewe. Ilijibiwa kuwa ukuta ni miundombinu. Ya pili iliomba ukuta ufunguliwe siku moja tu, ya kujifungua. Hii Gerald aliifurahia, kwa sababu ilikuwa na hoja mahususi, akaijibu mwenyewe kwa mkono: maombi yamekubaliwa kimsingi, tafadhali taja tarehe na saa ya kujifungua siku kumi na nne za kazi kabla ya tukio. Barua ya tatu ya Stumai ilikuwa na mstari mmoja.

"Mtoto hajasema."

Gerald aliiweka kwenye faili la Viambatisho Pungufu. Ila usiseme haikumgusa. Alikaa nayo mkononi kwa muda, akaisoma mara mbili, kisha akaingiza kwenye rasimu ya sheria ndogo kifungu kipya cha dharura, jambo ambalo hakuna aliyemwomba na ambalo lilimfanya ajione mtu wa watu. Nyumbani kwa Stumai walikwishajipanga: Jumatatu ya tatu ya mwezi wa pili Pendo angevushwa ukuta polepole, akakae kwa shangazi yake karibu na zahanati mpaka siku zitimie.

Uzinduzi ukaangukia Ijumaa iliyotangulia Jumatatu hiyo.

Mheshimiwa Gasto alifika saa nne na nusu akiwa na suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa na msafara wa watu ishirini na watatu. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Upande wa barabarani palikuwa na hema, utepe na ngoma; chakula, yaani kuku wa kienyeji wa kutosha, kilikuwa kimeandaliwa Ng'ambo, kwa sababu ratiba ilisema mgeni rasmi atatembea pito lote kuonyesha mfano.

Gerald alisoma Sheria Ndogo ya Mapito kwenye kipaza sauti. Kifungu cha tatu kilisema hakuna mtu aliye juu ya mapito. Kifungu cha saba kilisema yeyote atakayepita pito lililofungwa atabeba mawe thelathini, kichwani, toka Mwambani mpaka mbugani, siku hiyohiyo. Kifungu cha tisa ndicho kile chake cha moyoni: isipokuwa mgonjwa au mjamzito anayebebwa kwenye machela, yeye pamoja na wabebaji wasiozidi wanne, kwenda na kurudi, majina yao yakiwa kwenye Fomu Namba Nne iliyosainiwa na mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe, na si vinginevyo.

"Kumbe kuna utu humu," alisema Mheshimiwa, akasaini kwa mbwembwe. Sheria ikaanza kutumika papo hapo. Makofi.

Utepe ukakatwa, na Mheshimiwa akaingia kwenye pito rasmi, upande wa kulia.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kwenye nguzo ya kumi na tano kiatu cha kushoto kilibaki. Mheshimiwa alitazama nyuma: mpiga picha yuko barabarani, lenzi ndefu, wananchi mia tatu wanapiga vigelegele. Kurudi haiwezekani. Akasonga. Msafara nao ukaanza kupungua kwa adabu. Mmoja alikumbuka simu, mwingine aliumwa jino, wa tatu alisema anabaki kulinda utepe. Walipofika nguzo ya sitini walikuwa watatu: Mheshimiwa, Gerald nyuma yake akiwa na mkoba wa fomu kichwani, na Clement mpima akiwa nyuma ya wote, akitafakari mwezi wa nane.

"Gerald."

"Mheshimiwa."

"Hili ni tope."

"Ni changamoto ya msimu, mheshimiwa."

"Limenifika kwenye mkanda."

"Hapo mbele kuna benchi, mheshimiwa."

Walilifikia benchi. Walikaa juu ya mgongo wake, miguu majini, mbele ya bango la MANDHARI, na hawakuweza kwenda mbele wala nyuma. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Waliowaokoa ni maksai wawili wa Simoni, mume wa Pendo. Hakuja kwa ajili yao. Uchungu ulikuwa umemshika mkewe tangu asubuhi, wiki mbili kabla ya hesabu, na Simoni alikuwa amewafunga maksai kujaribu kama mkokoteni unaweza kuikata mbuga. Alipofika kwenye benchi, ng'ombe wakiwa wamezama mpaka tumboni na mkokoteni umegoma nyuma huko, alipata jibu lake. Akawatupia waheshimiwa kamba bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake, akawaburuta mpaka nchi kavu ya Ng'ambo.

Mheshimiwa alivuliwa koti nyumbani kwa mzee Yeremia, simu na kila kitu vikiwa mfukoni mwake, likaanikwa kwenye ua. Aliletewa kuku akamkataa. Upande wa Issuna wingu lilikuwa limejikunja tena, jeusi, na gari lake lilikuwa linang'aa kule ng'ambo ya Ng'ambo, karibu na zahanati, dogo kama kipande cha sabuni.

"Nirudisheni kwenye gari," alisema. "Nitapita wapi?"

Stumai alikuwa anatoka ndani ya nyumba yake, jirani na hapo, mikono imelowa. Nyuma yake ilisikika sauti ya Pendo, si kelele, ni mgumio wa mtu anayeuma nguo.

"Hilo swali nimeliuliza tangu mwezi wa nane, mheshimiwa," alisema. "Nikaambiwa ni la idara ya maji."

Gerald alitamani ardhi ipasuke. Aliitazama, na yeye ndiye alikuwa na ramani yake, haikupasuka.

"Bomoeni huo ukuta," alisema Mheshimiwa. "Sasa hivi. Mimi ndiye halmashauri."

Vijana wa Ng'ambo wakatazamana. Arobaini hivi walikuwa wamekusanyika, na wengi walikuwa na simu mkononi, zimeinuliwa kifuani zikirekodi. Mzee Yeremia alikohoa. Alikuwa amehudhuria usomaji wa sheria kwa njia ya simu ya mpwa wake aliyekuwa barabarani, na alikuwa na masikio mazuri kwa umri wake.

"Tusamehe, baba," alisema. "Kifungu cha tatu, hakuna aliye juu ya mapito. Umekisaini leo, wino haujakauka. Tukibomoa kienyeji, wewe utaondoka na gari, sisi tutabaki na mali ya umma."

"Sasa mnataka nini?"

"Sisi hatutaki kitu. Ila mjamzito yupo, na kifungu cha tisa kipo. Inatakiwa Fomu Namba Nne."

Watu wote wakamgeukia Gerald. Akaufungua mkoba. Fomu zilikuwa kavu, kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu Gerald katika maisha yake yote hakuwahi kulowanisha fomu. Akapiga goti, akaweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Jina la mgonjwa?"

"Unalijua," alisema Stumai. "Umelisoma kwenye barua mbili."

Akaandika: Pendo. Swali la pili lilikuwa: je, mgonjwa anaweza kusubiri siku kumi na nne za kazi? Ni yeye aliyelitunga, ofisini, akinywa chai. Mgumio ukatoka tena ndani, mrefu kuliko wa kwanza, na Gerald aliona aibu aliyokuwa hajaiona tangu alipoanza kuvaa tai. Akalikata swali kwa mistari miwili. Hakuweka hata saini fupi ya kuthibitisha masahihisho.

"Majina ya wabebaji. Wasiozidi wanne."

"Simoni, mume wake," alisema Stumai. Kisha akawatazama wageni mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mbegu. "Hawa vijana wetu hawana shida ya kwenda barabarani leo. Wenye shida ya kwenda ni nyie watatu. Andika Mheshimiwa. Andika wewe. Andika huyu aliyehesabu ng'ombe."

"Mama, mimi nina mgongo," alisema Mheshimiwa.

"Basi huna haja ya kuandikwa. Utasubiri hapa. Kiangazi si mbali, mwezi wa sita mbuga inakauka."

Mheshimiwa Gasto akasaini, na chini ya saini Gerald akaongeza kuwa ukuta uondolewe ili machela ipite.

"Na wewe, mama?" Gerald aliuliza kwa sauti ndogo. "Nafasi zimejaa."

"Mimi niandikeni mkosaji. Mawe nimebeba tangu nikiwa msichana, hayo thelathini hayanitishi. Mkwe wangu simwachi."

Vijana walitangulia mbio kwenda kubomoa, na nyundo mbili na mtaimbo. Hawakuvitumia. Wa kwanza aliyefika aliuegemea ukuta apumzike, ukaanguka mzima mzima. Ripoti za mradi zilionyesha saruji nyingi sana katika ukuta ule, na aliyeileta alikuwa shemeji yake mtu fulani aliyekuwa anakuja na machela. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, kasoro ilikuwa imemfaa mwananchi.

Machela yenyewe ilikuwa miti miwili na blanketi. Simoni na Gerald walishika mbele. Nyuma kulia Clement, nyuma kushoto Mheshimiwa, peku, suruali imekunjwa mpaka magotini, begani ameweka kipande cha utepe wa uzinduzi alichokuwa ameondoka nacho mkononi, ili mti usimchubue. Njia ya Mwambani ilikuwa jinsi ilivyokuwa siku zote: kavu, ya mawe, inapinda pale penye sababu ya kupinda. Gerald aliikanyaga kwa mara ya kwanza tangu aifunge. Kila kona ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye mzigo angependa iwe, na hilo halikuwepo kwenye mchoro wowote aliowahi kuuona.

Mvua ilianza kudondoka. Pendo alikuwa amefumba macho, jasho limemtoka, mkono wake mmoja umeshika mkono wa Stumai aliyekuwa akitembea ubavuni.

"Mama," alisema, "huyu wa nyuma anatikisa."

"Ni kiongozi, mwanangu. Hajazoea."

Walipofika kwenye upenyo wa mawe mawili, juu ya kifusi cha ukuta, Mheshimiwa alisimama. Alikuwa anahema kwa mdomo, uso umempauka.

"Tushushe kidogo. Dakika mbili tu. Bega limekufa."

Simoni aligeuka, na macho yake hayakuwa ya mpiga kura. Stumai ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa.

"Unaweza kumwachia mwingine, mheshimiwa, vijana wapo hapa. Lakini ukiuachia huo mti, wewe si mbebaji tena. Ni mpita njia. Na pito limefungwa."

Mheshimiwa alimtazama Gerald. Alimtazama kama bosi anavyomtazama mtu wake akitegemea apewe tafsiri nyingine. Na Gerald, bega likimwaka moto, aliona kabisa jinsi neno Kaimu linavyokaa mahali pake mpaka siku ya kustaafu.

"Ndivyo ilivyo, mheshimiwa," alisema. "Mawe thelathini. Siku hiyohiyo."

Mti ukarudi begani. Wakateremka.

Saa tisa na robo Pendo alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kutosha kijiji. Damu ilitoka, nyingi, lakini nesi alikuwepo na sindano ilikuwepo. Alitoka nje akifuta mikono, akawaambia wanaume wanne waliokuwa wamekaa kwenye benchi la zahanati, wote rangi moja ya tope, kwamba wangechelewa nusu saa asingewaahidi chochote. Simoni alilia bila kujificha. Gerald naye alilia, akijifanya anatafuta kalamu.

Mheshimiwa hakulia. Alijipapasa mfukoni, kisha mfuko wa pili, kisha akakumbuka koti lililoanikwa Ng'ambo, na simu iliyokuwa ndani ya koti, na mambo yaliyokuwa ndani ya simu. Alimwita dereva wake.

"Nenda Ng'ambo ukaniletee koti."

Dereva aliitazama mbuga, ambapo mvua sasa ilikuwa inapiga kwa nguvu zote. Akatazama Mwambani.

"Mheshimiwa, mimi nimeajiriwa kuendesha. Mambo ya kutembea yana idara yake."

"Gerald. Hii sheria ifutwe."

"Inawezekana kabisa, mheshimiwa. Ni ombi la maandishi, siku kumi na nne za kazi, kisha kikao cha baraza."

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa inatumika."

Mheshimiwa alikaa. Baada ya muda alijisogeza karibu na mlango wa wodi, akainama kidogo, akamuuliza Stumai kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni, kama kuna mgonjwa yeyote anayetegemea kubebwa kwenda upande wa Ng'ambo.

Stumai alikuwa ameshika mjukuu. Alifikiri kwanza.

"Nesi amesema Pendo atoke Jumapili. Kuna mlima, na mtoto naye ni uzito," alisema. "Njoo saa mbili asubuhi. Na uvae viatu vya maana."